Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kikundi Chetu cha Maigizo

Onyesho likiisha, kabla hata hatujaanza kukunja viti, lazima atokee mtu na lile swali ambalo mwenzake aliliuliza onyesho lililopita. Mimi ndiye katibu, na kwa kawaida wakati huo nimebeba meza. Nimeona heri niyaandike majibu mara moja. Habari za msimu huu nazo zimo humuhumu.

Mnaandaa nini msimu huu?

Mchezo mmoja mrefu tulioutunga wenyewe. Ndugu watatu wanarudi nyumbani kwa marehemu mama yao kugawana vitu vyake. Nyumba wanakubaliana, vyombo wanakubaliana, halafu wanakuja kushikana mashati juu ya redio mbovu ambayo haijatoa sauti miaka na miaka. Sehemu ya kwanza imeshasimama. Ya pili bado inachechemea, kwa kuwa hatujaafikiana nani aondoke na redio. Mtunzi ana mwisho wake, mwongozaji ana wake, na anayeigiza dada mkubwa ana wa kwake ambao huuchomeka kila mazoezi bila kuomba ruhusa. (Binafsi niko upande wa dada mkubwa, ila katibu hapigi kura.)

Kando ya huo, kuna igizo fupi la jukwaa shirikishi kuhusu uonevu shuleni, ambalo nimelieleza huko chini. Na kila mwisho wa mwezi tunakutana kusomeana tamthilia kwa sauti: hakuna maleba (mavazi ya jukwaani), hakuna kukariri, kila mtu na karatasi zake. Huko anakaribishwa yeyote, hata asiyetaka kusoma. Wasikilizaji wazuri ni adimu kuliko wasomaji.

Sijawahi kuigiza hata mara moja. Mtanipokea?

Tutakupokea. Sisi ni kikundi cha ridhaa, hakuna anayelipwa, na wengi wetu tuliingia tukiwa hatujui hata pa kuweka mikono. Konstantin Stanislavski, ambaye walimu wa uigizaji wanamtaja mpaka leo, alianza na michezo ya nyumbani kwao. Mwaka 1888 alishiriki kuanzisha chama cha sanaa cha watu wa ridhaa huko Moscow, na ikapita miaka 10 kabla ya kuasisi, pamoja na mwenzake, ule ukumbi wa sanaa uliompa jina.

Mikono, kwa taarifa yako, hujipatia pa kwenda ukishajua mhusika wako anataka nini kwa yule aliye mbele yake.

Usaili wenu ukoje? Niandae kitu?

Usiandae. Unapewa ukurasa papo hapo, unausoma na mwenzako mara mbili. Ukimaliza mara ya kwanza, mwongozaji atakupa badiliko moja tu, kwa mfano: "Rudia, lakini sasa hivi kuna jambo unamficha." Hapo ndipo tunapokutazama. Umesikia ulichoambiwa? Umejaribu, hata kama umeboronga? Wapo waliosoma mara ya kwanza kama watangazaji wa taarifa ya habari, na mara ya pili wakasoma vilevile, nukta kwa nukta. Wapo pia waliokwama katikati ya sentensi kwa sababu walikuwa wanatafuta kweli namna ya kuficha. Hao wa pili ndio tuliowachukua.

Ukikosa nafasi utaambiwa. Hatuna tabia ya "tutakujulisha" kisha kimya.

Sitaki kupanda jukwaani. Kuna kazi nyingine?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa aibu kuliko yote. Tuna waigizaji wanaosubiri zamu. Fundi taa tunaye mmoja, na anazeeka.

Kazi ya kwanza ni msimamizi wa jukwaa. Yeye ndiye anayeandika kwenye daftari kila hatua ya kila mwigizaji, ndiye anayejua kikombe kinaingia na nani na kinatoka na nani, na siku ya onyesho ndiye anayesema "taa" na taa ikawaka. Kuanzia pazia linapofunguliwa hata mwongozaji hana amri tena. Mchezo ni wa msimamizi. Kuna mtu wa mandhari, mtu wa sauti, mtu wa mlangoni, mtu wa vifaa vya mkononi. Kuna mkumbushaji, anayefuatilia skripti mstari kwa mstari ili amnong'oneze aliyekwama.

Halafu kuna maleba. Katika mchezo wetu uliopita mwigizaji mmoja alikuwa na nafasi ya kuvuka tu nyuma ya pazia, gizani, avue shati la shambani avae la harusi. Mazoezini alishindwa kila mara, vifungo saba havina huruma. Fundi wetu wa maleba akavikata vyote, akavishona upya juu ya kitambaa kama mapambo, chini yake akaweka utepe wa kunata. Shati likawa linafunguka kwa mvuto mmoja. Onyesho la kwanza, waliokaa mstari wa mbele walisikia mlio wake, kraaa, wakacheka. Onyesho la pili mpiga ngoma aliwekewa pigo mahali hapo. Hakuna mtazamaji aliyewahi kumpigia makofi fundi yule, lakini sisi tunajua ile harusi ilifungwa na nani.

Mazoezi ni mara ngapi, na nikikosa itakuwaje?

Jioni mbili kwa wiki, na wiki mbili za mwisho karibu kila siku. Hapa nitasema kwa urefu, maana ugomvi mwingi wa kikundi chochote cha ridhaa huanzia hapa.

Usipokuja, zoezi linaendelea. Mtu mwingine anashika karatasi yako na kusoma maneno yako. Tatizo ni kwamba mwenzako, yule mnayegombana naye kwenye sehemu ya pili ya mchezo, anazoea sauti ya huyo mtu mwingine. Anazoea asimame wapi, anyamaze kwa muda gani. Ukirudi wiki ijayo umejua maneno yote, unamkuta anajibu mtu ambaye si wewe. Inabidi aanze kusahau kabla hajajifunza.

Tuliwahi kuwa na mwigizaji mwenye kipaji cha kuzaliwa nacho, sauti yake ilikuwa inajaza ukumbi hata akinong'ona. Alikosa mazoezi matano, kila mara na sababu nzuri. Siku ya onyesho alikuwa hodari kuliko sote, na hakuna kati yetu aliyejua atatokea wapi. Akatokea kushoto. Mwenzake alikuwa anamsubiri kulia, ameshika sinia, tabasamu limeshaandaliwa, anautazama mlango mtupu. Watazamaji walidhani ni sehemu ya kichekesho. Haikuwa sehemu ya chochote.

Tangu hapo tuna kanuni: kukosa mara tatu bila taarifa, nafasi yako anapewa mwingine. Tumeitumia mara moja, kwa mtu tuliyempenda, na jioni ile hakuna aliyefurahi. Lakini mtu wa kawaida anayefika kila zoezi, mwisho wa msimu anakuwa mwigizaji mzuri mbele ya macho yetu. Hilo nimeliona mara nyingi. Mwenye kipaji anayekuja akijisikia, bado sijaona.

Kama una dharura, sema mapema. Kama kazi yako haina ratiba inayotabirika, tuambie tangu mwanzo, tutakupa nafasi yenye wenzako wachache jukwaani.

Nina maneno manne tu. Siwezi kupewa kurasa zangu peke yake?

Ungezaliwa London enzi za Shakespeare ungepewa hizo tu. Waigizaji wa wakati ule walikabidhiwa maneno yao wenyewe, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayewatangulia ili wajue waingie lini. Kunakili mchezo mzima kwa mkono kulikuwa kazi kubwa, na makampuni yaliogopa nakala kamili isije ikaibwa. Sisi tuna mashine ya kunakili. Utapewa mchezo mzima na tutakuomba uusome wote, kwa sababu dakika kumi utakazokaa jukwaani kimya, ukisikiliza, zina kazi kubwa kuliko hayo maneno manne.

Mtu mmoja anaweza kuwa wahusika wawili?

Anaweza, na mara nyingi hatuna budi. Katika tamthilia za kale za Wagiriki waigizaji watatu waligawana wahusika wote wenye kusema, wakibadili vinyago. Sisi hubadili kofia na mwendo. Mwendo unatosha zaidi ya kofia.

Nawezaje kushika maneno mengi hivyo?

Usiyakariri ukiwa umekaa. Yashike pamoja na hatua: neno hili nalisema nikivuta kiti, lile nikigeuka dirishani. Mwili hukumbuka kabla ya kichwa. Wengine hujirekodi kwenye simu wakaacha nafasi tupu pa maneno yao, wakawa wanajibizana na simu wakifua au wakitembea. Tunachokukataza ni kukariri na namna ya kusema. Ukija mazoezini umeshaamua neno "karibu" utalisema kwa uchungu, mwenzako akikupa furaha utakuwa huna pa kuipokelea.

Mkisema "kulia", ni kulia kwa nani?

Kwa mwigizaji aliyewaelekea watazamaji. Daima. "Mbele" ni karibu na watazamaji, "nyuma" ni mbali nao. Zamani majukwaa mengi ya Ulaya yaliinamishwa kuelekea watazamaji, ndiyo maana mpaka leo kwa Kiingereza mwigizaji anayekwenda nyuma husemwa anapanda na anayekuja mbele anashuka. Wiki ya kwanza utachanganyikiwa. Sote tulichanganyikiwa. Mwongozaji wetu bado huchanganyikiwa akichoka.

Na nikisahau maneno mbele ya watu?

Utasahau. Vuta pumzi, mtazame mwenzako, usitazame sakafu, maana sakafuni hakuna maneno. Mkumbushaji atakupa neno la kwanza. Mwenzako anaweza pia kukuokoa kwa kukuuliza swali ambalo jibu lake ni lile ulilosahau.

Mara moja tuliokolewa na mtoto. Tulikuwa kwenye onyesho la mwisho la mchezo wenye mzee anayetafuta fimbo yake, na mzee wetu akaganda. Kimya. Mkumbushaji alikuwa amepoteza ukurasa. Sauti ndogo kutoka mstari wa pili ikasema, "Iko nyuma ya mlango, babu." Alikuwa ameshakuja maonyesho yote matatu. Babu akageuka, akaichukua fimbo, akasema, "Huyu mtoto ndiye pekee anayenisikiliza katika nyumba hii." Mtunzi alitaka sentensi hiyo iingizwe kwenye mchezo. Imeingizwa.

Mnachaguaje michezo? Naweza kuleta niliyoandika mwenyewe?

Lete. Kwanza itasomwa kwenye ile jioni ya kusomeana, wewe ukikaa nyuma bila kueleza lolote. Ni kazi ngumu, kukaa bila kueleza. Utasikia palipo na uhai na palipolala, kisha utaenda kuandika upya.

Kwa michezo ya waandishi wengine, kinachotubana ni hakimiliki, na hapa nimeona vikundi vikiteleza. Kununua kitabu cha tamthilia kunakupa haki ya kukisoma. Kukiigiza mbele ya watu ni ruhusa nyingine, inayoombwa kwa mwandishi au mchapishaji, na mara nyingi ina malipo yake. Haijalishi kama mnatoza kiingilio au hamtozi, omba kwanza. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini 1886, ulinzi wa kawaida ni uhai wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefika 70.

"Basi tuigize Shakespeare, alikufa 1616!" Sawa, lakini kwa Kiswahili cha nani? Tafsiri nayo ina mwenyewe. Julius Nyerere alimtafsiri Julius Caesar, tafsiri ikatoka 1963, na Nyerere alifariki 1999. Piga hesabu: hata kwa ile miaka 50, ulinzi wa tafsiri hiyo unavuka 2040. Ukitaka Shakespeare wa bure, kaa chini umtafsiri mwenyewe. Tuna wawili wanaojaribu, wamekwama kwenye matusi.

Na usibadili mchezo wa mtu bila kumwuliza. Kufuta sehemu nzima ya mchezo kwa sababu "ni ndefu" au kumgeuza shangazi kuwa mjomba kwa sababu tumepungukiwa wanawake, hayo yanahitaji ruhusa yake.

Jukwaa shirikishi ni nini hasa?

Ni igizo ambalo mtazamaji anaweza kulisimamisha na kuingia ndani. Aliyelijengea misingi ni Augusto Boal, Mbrazili aliyeishi 1931 hadi 2009. Awali alikuwa akiigiza tatizo, watazamaji wanapendekeza la kufanya, waigizaji wanajaribu mapendekezo yao. Kisha, akiwa Peru mwaka 1973 kwenye kampeni ya kufuta ujinga, mama mmoja alipendekeza jambo, mwigizaji akalifanya, mama akasema siyo hivyo. Akarudia. Siyo hivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda, na yaliyoonekana jukwaani yalikuwa tofauti kabisa na alivyoelewa mwigizaji. Boal aliisimulia sana habari hiyo baadaye.

Sisi tunafanya hivi. Igizo fupi, la dakika kumi na tano hivi, linachezwa mpaka mwisho, na mwisho wake ni mbaya. Mwezeshaji anauliza: mmeona nini? Kisha linachezwa tena, na yeyote anaweza kusema "Simama!", akaja kuchukua nafasi ya yule anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Nafasi ya mwonevu haichukuliwi. Ukimfanya mwonevu ageuke malaika ghafla, tatizo limeondoka kwa miujiza na hakuna aliyejifunza la kufanya kesho. Waigizaji wetu nao wana kazi ya kutorahisisha mambo: mwonevu anabaki na ukaidi wake mpaka apewe sababu ya kweli ya kulegea.

Katika majaribio ya igizo letu la shule, mkubwa ananyang'anya daftari la mdogo huku rafiki yake akicheka. Wengi waliopanda walipigana au walikimbilia kwa mwalimu, na mwonevu akawasubiri njiani. Kisha akapanda msichana mmoja. Hakumtazama mwonevu kabisa. Alikwenda kukaa karibu na yule rafiki anayecheka, akamwuliza kwa upole, "Na wewe hilo daftari unalitaka?" Mwigizaji wetu wa nafasi ya rafiki hakuwa na neno hata moja kwenye skripti, kazi yake ilikuwa kucheka. Akafungua mdomo, akaufunga. Cheko likaisha. Mwonevu akabaki na daftari mkononi bila mtu wa kumwonyesha. Tumeibadili nafasi ya rafiki tangu siku ile. Sasa ina maandalizi mengi kuliko ya mwonevu.

Tukialikwa mahali tunataka mambo mawili: watu wasiozidi wanaoweza kuonana nyuso, na muda wa mjadala usiokatwa ili mgeni rasmi ahutubie.

Naweza kuja kutazama mazoezi?

Ya wiki za mwanzo, hapana, watu wanakuwa bado wanakosea kwa siri. Kuanzia katikati ya msimu, karibu sana, na usiogope kusema ulichokiona. Kuna waliokwenda mbali kuliko sisi. Huko Kamiriithu, Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walipoandaa mchezo kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji wakisahihisha: hivyo sivyo wazee wanavyosema, hivyo sivyo wimbo unavyoimbwa. Serikali iliupiga marufuku mchezo baada ya wiki chache, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Ukisikia mtu anasema maigizo ya mtaani ni ya kupotezea muda, mkumbushe hilo.

Watoto wanaruhusiwa?

Kutazama, inategemea mchezo, na tunaandika kwenye tangazo. Kuigiza, ndiyo, kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na mtu mzima mmoja anayewaangalia nyuma ya jukwaa bila kuwa na kazi nyingine yoyote jioni hiyo.

Mbona mnakataa kuongeza viti njiani hata ukumbi ukijaa?

Watu hukasirika sana hapa, na ninawaelewa: umekuja na familia, kuna nafasi pale, na kijana wa mlangoni anakwambia hapana.

Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois wa Chicago, Marekani, uliwaka moto katikati ya onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto. Ukumbi ulikuwa na wiki chache tu tangu ufunguliwe na ulitangazwa kuwa hauungui. Cheche za taa zilishika pazia. Njia zilikuwa zimejaa watu waliosimama, baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa ndani hivyo umati ukawa unaisukuma isifunguke. Walikufa watu zaidi ya 600. Kijana wa mlangoni ameisikia habari hii kutoka kwangu, kila msimu, na ndiyo maana hashawishiki.

Naweza kurekodi kwa simu?

Hapana. Mwanga wa simu moja gizani unaonekana kutoka jukwaani kuliko uso wako. Picha tunapiga wenyewe siku ya zoezi la mwisho la maleba, tutakupa.

Pesa za kiingilio zinakwenda wapi?

Ukumbi, mbao na rangi za mandhari, vitambaa, ruhusa za waandishi, usafiri wa vifaa. Hesabu zinasomwa mbele ya wanachama wote kila msimu ukiisha, na mwanachama yeyote anaweza kuliomba daftari. Kinachobaki huwa kidogo mno kugombaniwa.

Mnaadhimisha Siku ya Tamthilia Duniani?

Ndiyo, 27 Machi. Huadhimishwa tangu 1962 kwa mwito wa Taasisi ya Kimataifa ya Tamthilia. Siku hiyo hatuchezi mchezo mpya. Tunafungua milango, tunaonyesha jinsi taa na maleba vinavyofanya kazi, na anayetaka anapanda jukwaani akasimama mbele ya viti vitupu ajionee ukubwa wake.

Swali langu halimo humu.

Njoo siku ya mazoezi, robo saa kabla hatujaanza. Utatukuta tunabandika utepe sakafuni kuonyesha kuta za nyumba ya marehemu mama, maana mandhari yenyewe haijajengwa. Mwenye funguo na daftari ni msimamizi wa jukwaa, mwulize yeye. Ila usikatize juu ya utepe kumfuata. Tafuta pale ulipoachwa wazi, hatua tatu kutoka dirishani. Hapo ndipo mlango.